CHAN haikuisha Ijumaa ile

Tuelewane kitu moja. Kenya kutolewa na Madagaska kwa penalti haikumaanisha CHAN imeisha.

Ijumaa hiyo, Agosti 22, 2025, nilikuwa Unguja. Jioni sisi tukaangukia Kasarani, usiku Tanzania nao wakachapwa 1-0 na Moroko kule Dar. Forodhani watu walikula mishkaki kama wako matangani. Mzee mmoja aliposikia lafudhi yangu akaniambia, "Pole, mwanangu. Leo wafiwa sote." Kufungua simu, wasee wa Nairobi washaandika ati turudi EPL, hakuna kitu ingine ya kuona.

Ya kuona ilikuwa Amaan kesho yake usiku: robo fainali, Sudan na Algeria.

Hebu fikiria. CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani pekee. Sudan nayo iko vitani tangu Aprili 2023. Al-Hilal na Al-Merrikh, klabu zao kubwa, msimu wa 2024/25 zilicheza ligi ya Mauritania, upande ule mwingine wa Afrika. Yaani ligi ya nyumbani ilikuwa ugenini. Na bado, hapo hapo Amaan kwa makundi, walikuwa wamewapiga Nigeria 4-0. Nigeria! Na sisi tunalia nauli ya matatu kwenda Kasarani.

Mechi yenyewe haikuwa tamu sana, nisiwadanganye. Sudan wakatangulia, Algeria wakasawazisha, 1-1, mpaka muda wa nyongeza miguu imeisha. Lakini hao Wazanzibari waliolia Taifa Stars jana yake sasa walikuwa wamekauka sauti kwa "Sudan! Sudan!" Nami pia, bila aibu.

Kando yangu alikuwa kijana Msudani anayesoma chuo huko Unguja. Yeye hakuimba. Zilipofika penalti akaupa uwanja mgongo, akaniomba kwa Kiswahili chake cha miezi michache, "Wewe niambie tu." Basi nikawa mtangazaji wake. Amefunga. Amekosa. Amefunga. Ilipofika 4-2 nikamwambia imeisha, mmeshinda, mko nusu fainali. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika, na uwanja mzima unaruka.

Akatoa simu kumpigia mamake, Omdurman. Haikushika. Akapiga tena.