Nasaha kwa Mpwa Wangu Juu ya Hisabati

Kwa mpwa wangu azizi,

Waraka wako umenifika, nami nimeusoma kwa makini. Waniarifu kwamba masomo mengine wayamudu ila hisabati, na kwamba kila mtihani ukaribiapo wahifadhi kanuni kwa wingi, lakini swali lijapo kwa sura ngeni zote hukupotea. Kwa nionavyo, akili unayo ya kutosha, na kinachokuponza ni haraka ya kutafuta kanuni kabla ya kulifahamu swali lenyewe.

Chukua swali la kuhesabu. Watu 10 wamekutana, na kila mmoja ampa mkono kila mwenziwe mara moja. Je, wamepeana mikono mara ngapi? Mwenye pupa hujibu 90, kwa kuwa kila mmoja ana wenziwe 9. Jibu hilo usilikubali wala usilikatae mpaka ulijaribu kwa watu watatu, A, B na C. Kwa hesabu ile ile utapata 6, hali ukiorodhesha kwa kalamu waona ni A na B, A na C, B na C, basi. Hapo hitilafu yadhihiri: A ampapo B mkono, B naye kesha kumpa A, nasi tumehesabu jambo moja mara mbili. Gawa 90 kwa 2, upate 45. Kanuni uliyoipata kwa njia hiyo ni vigumu kukupotea, maana waijua asili yake, na hata ukiisahau waweza kuirudia ilikotoka.

Sasa badala ya watu weka nukta 10, ziwe vipeo vya umbo lenye pande 10. Mistari yote iwezayo kuziunganisha nukta hizo mbili mbili ni 45 vile vile. 10 kati yake ni pande za umbo, na 35 iliyosalia ndiyo inayokatiza ndani kutoka kipeo hadi kipeo kisicho jirani. Aliyefahamu swali la kwanza amekwisha kulijibu la pili, ingawa kitabuni lile huwekwa katika mlango wa kuhesabu na hili katika mlango wa jiometri.

Katika vekta, chora kwanza. Jahazi laelekea kaskazini kwa kasi ya kilometa 8 kwa saa, na mkondo walisukuma mashariki kwa kilometa 6 kwa saa. Asiyechora hujumlisha akapata 14. Mwenye kuchora huona mishale miwili iliyokutana kwa pembe mraba, akajua kuwa mwendo wa kweli ni upande mrefu wa pembetatu: 8 mara 8 ni 64, 6 mara 6 ni 36, jumla yake ni 100, na kipeuo chake ni 10. Pembetatu hiyo ni ile ya 3, 4 na 5 ambayo waashi huipimia pembe ya msingi wa nyumba, imekuzwa maradufu tu; na sheria yake Euclid wa Iskandaria aliithibitisha kwa hoja katika kitabu chake cha kwanza, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Ithibati hiyo isome hatua kwa hatua, ujue jinsi mtu anavyopata yakini.

Hata hesabu za kuzidisha zataka kukaguliwa. Ukipata kwamba 47 mara 86 ni 4042, jumlisha tarakimu mpaka ibaki moja: 47 yatoa 2, 86 yatoa 5, na 2 mara 5 ni 10, yaani 1, nayo 4042 yatoa 1. Zisipolingana, umekosea bila shaka. Zikilingana, usijipe amani kamili, kwani tarakimu zilizobadilishana nafasi hupita katika mtihani huu bila kugunduliwa.

Kwa hiyo nakuusia: soma swali mara mbili, andika ulichopewa na unachotakiwa, chora, jaribu kwa idadi ndogo, kisha ukipata jibu litafute kwa njia ya pili. Usimwonee haya mwalimu wako kumwuliza sababu ya hatua usiyoielewa, kwa kuwa aliyenakili hatua asiyoifahamu hakujifunza kitu. Maswali matatu uliyoyatatua hivyo yana faida kubwa kuliko thelathini uliyoyapitia mbio. Katika waraka wako ujao niletee swali moja ulilolitatua kwa njia mbili, pamoja na sababu ya kila hatua.

Mola akufungulie fahamu na akujaalie subira.

Wasalaam,
Mjomba wako akupendaye