Mgonjwa na Jamaa Yake

Kila ifikapo Oktoba 10 vijana huvaa fulana za afya ya akili, wakapiga picha, na katika mazungumzo yanayofuata hakosi mmoja wa kusema kwamba nchi hii ndiyo kwanza inajifunza kumhudumia mgonjwa wa akili nje ya hospitali. Kwamba wazee wetu walijua mambo mawili tu, minyororo na hospitali ya Mirembe. Kuzaliwa juzi si kosa. Lakini anayemtafutia ndugu yake msaada leo huku akiamini kwamba huduma ya karibu na nyumbani haijapata kuwapo, ataridhika na kidogo anachopewa. Tanzania iliwahi kuwa na huduma hiyo. Haikufika kila mahali na haikudumu, ila ilijengwa juu ya jambo ambalo tumeliacha likatupotea: jamaa wa mgonjwa alihesabiwa kuwa sehemu ya tiba, akapewa na mahali pa kukaa.

Kabla ya huduma hiyo kulikuwa na kufungia. Lutindi, juu milimani Usambara, wamisionari wa Kijerumani walikuwa wakipokea wagonjwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kuanzishwa kwa Mirembe ya Dodoma huwekwa mwaka 1927, na hata ukikutana na tarehe inayopishana kidogo hupotezi kitu, kwani utaratibu ulikuwa uleule: aliyeugua Songea au Bukoba alisafirishwa hadi katikati ya nchi, akashushwa mahali ambapo hakuna aliyejua jina la mama yake. Wodi za akili za enzi ile, hapa na Ulaya, zilinuka paraldehaidi. Ilikuwa dawa ya maji ya kutuliza na kulaza, kali puani, na mgonjwa aliyeinywa aliendelea kuitoa katika pumzi kwa saa nyingi, ikashika mablanketi, ikashika magodoro, ikamfuata muuguzi hadi kwake. Mtu aliyewahi kuivuta haisahau. Miaka ya 1950 zikaingia dawa mpya, klopromazini na wenzake, na wengi husema hizo ndizo zilizofungua milango ya wodi. Mlango zilifungua kweli. Njia ya kurudi nyumbani hazikuionyesha, na aliyerudi akakuta shamba lake limegawanywa na ndugu, haikuchukua muda akawa wodini tena, vidonge vyake mfukoni.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 vikaanzishwa vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili. Hombolo, si mbali na mji wa Dodoma, ndicho kinachotajwa zaidi. Baadaye vikaongezeka, na Vikuruti kikawa cha wagonjwa wa Dar es Salaam. Mgonjwa aliyepata nafuu alihamia huko akashika jembe, na jamaa yake aliyeweza kuja alikaa naye. Walikuwapo mafundi wa kufundisha kazi, na dawa ziliendelea. Jamaa aliyekaa kijijini msimu mzima alijifunza ambacho hakifundishwi dirishani pa hospitali: kwamba dalili ya kwanza ya ugonjwa kurudi mara nyingi ni usingizi kukatika, wala si kelele; kwamba mgonjwa anayetetemeka mikono na kukakamaa shingo hajalogwa, ni madhara ya dawa; kwamba mtu anayejisemea peke yake anaweza kupalilia tuta zima lisibaki gugu. Waganga wetu wa jadi walijua siku zote kwamba jamaa ni sehemu ya tiba. Mgonjwa hupokewa pamoja na mama au kaka yake, wakapewa kibanda, wakapika, wakakaa miezi. Kule Abeokuta, Nigeria, Thomas Adeoye Lambo, daktari bingwa wa akili aliyesomea Uingereza, alianza mwaka 1954 kuwapangisha wagonjwa wake na jamaa zao kwa wenyeji wa vijiji vya jirani na hospitali ya Aro. Kwa hiyo anayesema familia zinakwenda kwa mganga kwa ujinga tu, ajiulize nani mwingine anayeipokea familia nzima.

Miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark na Shirika la Afya Duniani, likajaribiwa jambo la pili Morogoro na Kilimanjaro: kuitia tiba ya akili katika vituo vya afya na zahanati za kawaida. Mpango wa namna hiyo hauendi bila muuguzi wa akili, na huyu ndiye ninayemlilia kuliko majengo. Kazi yake ilitazamwa kama ndogo. Alikuwa na daftari la majina, fenobabitoni ya wenye kifafa, na sindano ya mwezi kwa asiyependa vidonge. Asipomwona mtu siku yake, alijua kwa nani atume salamu, na nyumba yenyewe aliijua. Sindano ya mwezi ina faida ambayo hata waganga wakuu waliisahau: inamlazimisha mtu mmoja kukutana na mgonjwa mara 12 kwa mwaka, akamtazama macho, akamwuliza dada yake kama wanalala. Sindano hiyohiyo mikononi mwa mtu anayebadilishwa kila wiki hubaki kuwa sindano.

Yaliyofuata yanajulikana. Wafadhili wakamaliza miradi yao, watumishi wakapungua, uchangiaji wa gharama ukaja, vijiji vikakonda. Sheria mpya ya afya ya akili ikapita mwaka 2008. Hata hivyo, kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai kwetu, wakati Mahakama Kuu ya Kenya ilikwisha kulibatilisha la kwao Januari 2025, na familia iliyookoa mtu usiku huwaza polisi kabla ya daktari.

Nitaambiwa napamba yaliyopita. Vijiji vile vilikuwa vichache, wengine walikaa humo kama waliosahauliwa, na minyororo ilikuwapo wakati huohuo. Yote kweli. Sidai virudishwe, kijana wa Mbagala hataki jembe, anataka afanye kazi kwao Mbagala. Nitaambiwa tena kwamba jamaa wa mjini hana nafasi, anapanga chumba kimoja na anatoka alfajiri. Hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu: mwenye nafasi ndogo ndiye anayehitaji mtu wa kumsaidia karibu, kuliko yule mwenye ua na wake wa kaka watatu. Wapo pia wanaosema bila madaktari bingwa hakuna la kufanya. Zimbabwe haikungoja. Tangu 2006 daktari Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsikiliza mwenye mawazo mengi, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha wanapata nafuu. Benchi halitibu aliyerukwa na akili, huyo anahitaji dawa, lakini linampa mama yake mahali pa kusemea. Na hao washauri wa simu na mitandaoni wanaosifiwa siku hizi? Wanamfaa mwenye bando na ada. Anayesikia sauti hapigi simu.

Kwa hiyo anayemtafutia ndugu yake msaada asianze kwa kuuliza kitanda. Aulize kituo cha afya cha karibu: nani hapa anahusika na wagonjwa wa akili, siku yake ni ipi, sindano zikiisha hupatikana wapi, na hali ikibadilika usiku apigiwe nani. Aende kwa afisa ustawi wa jamii akaulize habari za msamaha, kwani ugonjwa wa akili wa muda mrefu umo katika orodha ya maradhi yanayosamehewa gharama tangu uchangiaji ulipoanza miaka ya 1990, ingawa aliye dirishani huenda akasema hajasikia. Na kituoni wakimjibu kwamba hakuna anayehusika, maswali hayohayo ayapeleke kwa mganga mkuu wa wilaya, kwa maandishi, pamoja na jamaa wa wagonjwa wengine wa kata ile. Hawakosekani.