Migingo: mita 510 na saa zilizo angani

MSAFIRI anayetoka Homa Bay huuacha mlima Asego nyuma yake, akapitia Rongo hadi Migori mjini, kisha akageukia magharibi kwenda Muhuru Bay. Harufu ya omena iliyoanikwa humpokea kabla hajashuka garini. Hapo ufuoni ndipo wavuvi hupanda mashua za injini kwenda Migingo, jiwe lisilofika hata ekari moja, lililojaa vibanda vya mabati.

Jiwe hilo nusura lizigombanishe Kenya na Uganda. Upimaji wa 2009 ulionyesha limo mita 510 ndani ya Kenya. Lakini mbuta hana habari ya mpaka. Huogelea atakako, na anayemfuata ndiye hukamatwa.

Siku hizi mvuvi ana simu yenye ramani. Inajuaje alipo, majini kusiko na mti wala nguzo? Husikiliza setilaiti zilizo juu kilomita 20,000 hivi, kila moja ikitangaza saa yake, na kupima ishara imechukua muda gani njiani. Sasa msomaji, piga hesabu: katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, ishara hukimbia mita 300. Saa ikikosea sehemu mbili tu kama hizo, umbali umepotoka mita 600, na Migingo imeshahamia Uganda!

Ndiyo maana saa hizo huongozwa na mtetemo wa atomu, na bado hurekebishwa kutoka ardhini. Wataalamu wameigeukia leza, ambayo mwanga wake hutetemeka haraka zaidi, hivyo hugawa sekunde vipande vidogo zaidi. Ubaya ni kwamba leza haitulii. Mpiga nyatiti anaijua shida hiyo: uzi uliokazwa asubuhi hulegea jioni, sauti ikashuka. Kwa leza, nafasi kati ya vioo vinavyoiongoza ikirefuka kwa joto hata kidogo mno, mtetemo hubadilika. Basi vioo hufungiwa mahali pasipo hewa, joto likichungwa, na leza hulinganishwa kila mara na atomu za strontiamu, ambazo hazilegei. Mwaka 2015 maabara ya JILA, Colorado, Marekani, ilitangaza saa ya namna hiyo isiyokosea sekunde moja kwa miaka bilioni 15.

Setilaiti za ramani hazijapata saa hizo. Mvuvi wa Muhuru anategemea zile za kwanza, na jioni, taa za omena zikiwashwa, huifunga simu kwa nailoni isilowe, akasukuma mashua.