Jamaa wa Tarime atangaza "tatu bila turufu", mkononi ana pointi saba!

Kuna stori inazunguka Mugumu ya mrembo mmoja wa mapokezi kwenye kambi ya watalii na mchumba wake, jamaa mwenye duka la simu Tarime mjini. Wengi wanadhani ugomvi ulikuwa wa mahari tu. Wanaowajua wanasema ulianzia kwenye karata.

Na siyo lasti kadi ya vijiweni. Hawa wawili wanacheza briji. Mrembo alifundishwa na wageni wazee wa Kiingereza: mvua iliharibu safari ya mbugani, wao wako watatu, mchezo unataka wanne, wakamwita dada wa mapokezi. Baadaye akamfundisha jamaa, na usiku wakawa wanakutana Bridge Base Online, kila mtu na bando lake.

Kwa wasioijua, ni wachezaji wanne, wawili dhidi ya wawili, kila mtu karata 13. Kwanza kuna mnada: unatangaza mtakula mizunguko mingapi, na kama turufu itakuwa kopa, shupaza, uru au pau. Au unasema bila turufu, na hapo hakuna kukata, anakula mwenye karata kubwa ya aina iliyoanza. Tatu bila turufu ni mizunguko 9. Kumkonyeza mwenzako ni marufuku. Unaongea naye kwa tangazo tu, kwa hiyo ukidanganya, wa kwanza kuumia ni yeye.

Ree ni pointi 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1. Kwa tatu bila turufu mnahitaji kama 25 wote wawili. Usiku huo mrembo akafungua "moja bila turufu", yaani nina 15 hadi 17. Jamaa alikuwa na saba. Saba! Hapo mtu anapita, anakunywa maji zake. Yeye akaruka hadi tatu.

Wapinzani wakaanza na shupaza, karata za jamaa zikafunuliwa mezani, mrembo akaona alichouziwa. Alikuwa na ree ya shupaza na ndogo mbili. Akacheza kibingwa: mzunguko wa kwanza akauacha, wa pili akauacha, wa tatu ndiyo akala, ili mpinzani mmoja aishiwe shupaza na asiweze kumrudishia mwenzake. Wapi! Alikula mizunguko saba tu.

Akaandika WhatsApp: "Umetangaza tatu na pointi saba?"

Jamaa: "Nilijua wewe utatoboa, baby."

Sasa hiyo "utatoboa" ndiyo ilimwasha. Jumapili iliyopita wazee wa jamaa walikuwa wamefika kwao, wakataja ng'ombe 15 bila kupepesa macho. Na Mara ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo, wanahesabiwa zizini. Akauliza: "Na ng'ombe unao wangapi?"

Jibu lilichukua dakika arobaini. Sita. Na wawili wa kaka, kama kaka atakubali.

Kuna watakaosema mahari nayo ni mnada, na kila mnada una mbwembwe zake. Sawa, mwringie baba mkwe, yeye yuko upande wa pili wa meza. Lakini mchumba ni mwenzako, na ng'ombe wakikosekana yeye ndiye anayebaki kuulizwa na nyumba nzima.

Mrembo hakumwacha. Alipitia kwa shangazi, shangazi akapitia kwa mzee. Mzee hakufoka, ila alisema 15 imeshatamkwa mbele ya watu na haishuki. (Kwenye briji pia huwezi kushuka chini ya tangazo lililokwisha kutoka.) Alichotoa ni muda: wanane kabla ya harusi, saba baadaye.

Kwenye simu bado wanacheza, na jamaa siku hizi akiwa na saba anapita. Pikipiki yake iko sokoni. Kaka hajasema kama wale wawili anawatoa.

Wadau, ungekuwa wewe ndiye kaka, ungewatoa?