Usisukume Msumeno

Nilipofika Gisenyi, fundi mmoja wa vitanda alinipa msumeno wake mdogo wa upinde, ule wenye wembe mwembamba kama uzi. Akasema, "Kijana, huu si wa kupasua mbao. Ni wa kuchora." Nikacheka. Siku ya kwanza nikavunja nyembe nne.

Kosa langu lilikuwa haraka. Nilisukuma. Kumbe meno yanatazama chini kwenye mpini, yanakata ukivuta tu. Wewe unayetaka kuanza: tafuta plaiwudi nyembamba, chora kwa penseli, shika msumeno wima. Kwenye kona geuza ubao, si mkono. Ukitaka uwazi katikati, toboa tundu, fungua wembe, upitishe humo, uufunge tena.

Nilikata chukudu. Kwetu Goma baba alibebea viazi kwa chukudu, akatulisha nayo. Tuliiacha uani Januari 2025, siku tulipovuka mpaka. Tangu hapo hajaitaja. Hii yangu ina urefu wa kiganja, na gurudumu moja limepinda.

Jumamosi niliipeleka kwa vijana wa kikundi chetu. Mmoja wao, mtoto wa kunyamaza sana, akaigeuzageuza.

"Sasa breki yake iko wapi?"

Kweli, nilisahau ule mpira wa nyuma unaokanyagwa ukishuka mlima. Nikampa msumeno aukatie kipande cha mbao. Akavunja nyembe mbili. Sikusema kitu.

Baba bado hajaiona. Nangoja breki.