Mahali pa Sabufa Katika Chumba Chembamba

Katika nyumba ya ami yangu, Mji Mkongwe wa Unguja, sabufa ilikaa pembeni mwa ukumbi, ubavuni mwa kabati la vyombo, mahali pa kuonekana na kila aingiaye, nayo imefunikwa kitambaa cha kufuma kama ilivyofunikwa redio ya mbao iliyoitangulia. Katika nyumba yangu ya London niliificha yangu kwa miaka miwili ndani ya kipenyo kilicho kando ya dohani, nyuma ya kochi, maana huku chombo cha namna hiyo hutakiwa kisikike kisionekane. Ami alitaka fahari na mimi nilitaka nafasi; almuradi sote tuliiweka sabufa palipotufaa sisi, wala hatukuyashauri masikio.

Vyumba vya kale vya Unguja ni vyembamba kwa sababu inayojulikana na kila fundi: dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazivuki upana mkubwa, basi hata katika nyumba ya tajiri chumba hurefuka lakini hakipanuki. Ukumbi wa ami una upana wa mita 2.8. Sauti husafiri hewani kadiri ya mita 343 kwa sekunde, na kwa hesabu hiyo sauti ya mitetemo 61 kwa sekunde ndiyo ambayo nusu ya wimbi lake huenea barabara toka ukuta hata ukuta. Ikipigwa pembeni huvimba kupita wenzake wote, na uvimbe wake huwa mkubwa penye kuta na hufifia katikati ya chumba. Nasi watu wa pwani aghalabu huketi tumeegemea kuta, katikati tukapaacha kwa mkeka na mapito. Kwa hiyo taarabu ya ami, ambayo besi yake hushuka hata mitetemo 41, ilisikika kama kwamba mpigaji anajua noti moja tu, na hiyo aipiga kwa hasira.

Chumba changu kimezidi kile kwa shubiri moja, basi maradhi yalikuwa yale yale. Tofauti ilikuwa katika kuta na sakafu. Jiwe la matumbawe na chokaa ni zito, huizuia sauti ndani, na iliyobaki hutokea dirishani, ambako jirani wa Unguja huipokea kama habari ya furaha. Nyumba za London za zama za Malkia Victoria, zilizogawanywa ghorofa kwa ghorofa, zina sakafu za mbao, na mbao huichukua besi ikaishusha kwa aliye chini. Bibi mmoja mzee aliyekaa ghorofa ya chini yangu alinigongea mlango kwa upole, naye alikuwa na haki, ukiachilia mbali sheria ya kelele ya mwaka 1996 inayolinda saa za usiku, tangu saa tano hata saa moja asubuhi. Niliona haya sana.

Fundi mmoja alinifundisha dawa. Niliipandisha sabufa juu ya kochi, pale pale niketipo, nikapiga wimbo ambao besi yake hupanda na kushuka, kisha nikatambaa kwa magoti kando ya kuta, nikisikiliza wapi kila noti hutoka kwa kadiri moja. Maana njia ya sauti baina ya chombo na sikio haibadiliki vikibadilishana mahali. Palikuwa katikati ya ukuta mfupi, chini ya dirisha. Nikaiweka hapo, nikaacha nafasi ya kiganja nyuma yake ili tundu lake lipumue, nikatandika mpira mzito chini, nikaikata ishughulike na mitetemo 80 kushuka, ambako sikio halitambui kwa urahisi sauti itokako. Ikawa yatosha kuipiga kwa sauti ndogo kuliko zamani, na bibi hakugonga tena.

Nilipokwenda Unguja nilimwomba ami ruhusa.

“Shikamoo ami. Niihamishe hii hata ukuta wa mwisho, katikati?”

“Marahaba mwanangu. Wageni wataionaje huko?”

Hata hivyo aliniruhusu. Nilipiga kanda yake ya zamani, akaketi mahali pake ukutani, akafumba macho. Nyuzi za kanuni zilipokwisha kutangulia, besi ikaingia ikishuka daraja baada ya daraja, kila moja na uzito wake.

“Kumbe anatembea,” akasema.

Kisha akainuka, akakichukua kitambaa kilichobaki pembeni, akakitandika juu ya sabufa kule ilikokwenda.