Bafle za Nyuma

Nilikuwa mtu wa kelele, na nakiri hapa. Kwangu, sauti nzuri ilikuwa ile inayotikisa mabati ya jirani.

Hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, nilipata deki ya zamani ya DVD. Nilipoigeuza nikakuta matundu sita mgongoni: mawili ya mbele, moja la kati, mawili ya nyuma, moja la besi. Ni mpangilio uitwao 5.1, wa mfumo wa Dolby Digital ulioingia majumba ya sinema mwaka 1992. Deki ile huchambua sauti yenyewe. Inachohitaji ni nguvu ya kusukuma bafle, yaani spika. Nami nilikuwa na ampli tatu za kale, Pioneer mbili na Technics moja, nzito kama mawe ya kusagia. Kila moja ina njia mbili za sauti, na tatu mara mbili ni sita.

Mafundi wawili walikataa kuniungia. Niliunga mwenyewe, kwenye tundu la AUX, si PHONO, maana PHONO hukuza sauti dhaifu ya sindano ya santuri na ingeivuruga ya deki. Technics ilitengenezewa volti 100 za Japani, na umeme wetu ni 220, basi nikaitafutia transfoma. Bado bafle za nyuma zikabaki bubu usiku kucha, mpaka nilipoingia kwenye menyu ya deki nikaitoa kwenye njia mbili na kuiweka kwenye 5.1. Mvua ya filamu ikanizunguka chumbani. Nilikaa kimya muda mrefu.

Jumamosi nikaweka filamu ya vita, nikawaita wa nyumbani. Alikuwapo mdogo wangu aniitaye yaya, yaani mkubwa wake, mtoto wa mama mdogo, aliyekimbilia kwetu kutoka upande wa Beni, kilomita 54 tu kutoka hapa, ambako raia wamekuwa wakichinjwa tangu Oktoba 2014. Risasi za kwanza zilitokea mbele, akavumilia. Zilizofuata zilitokea nyuma yetu, karibu na mlango. Alijitupa sakafuni, akatambaa hadi uvunguni mwa meza.

"Yaya, wako nyuma!"

Nilizima kila kitu. Vita vilipokuwa ndani ya televisheni, mtoto aliviona viko mbali naye. Mimi ndiye niliyevitoa humo nikavileta mgongoni pake, kwa jasho langu na kwa majivuno. Nilimwomba msamaha usiku uleule.

Filamu za vita haziingii tena nyumbani kwangu. Sasa tunasikiliza kwaya, kwa sauti ya chini. Diski nyingi za kwaya zetu zina njia mbili tu, kwa hiyo natumia mbinu aliyoieneza Mmarekani David Hafler: bafle mbili za nyuma huungwa mfululizo kati ya chanya ya kushoto na chanya ya kulia ya ampli moja, hasi haziguswi. Zinatoa kile tu kinachotofautiana kati ya pande mbili: mwangwi wa kanisa, makofi, mtu anayekohoa. Ziko ampli ambazo zitaungua zikiungwa hivyo; muulize fundi kwanza.

Mdogo wangu bado hukaa ameegemeza mgongo ukutani, lakini hukaa mpaka wimbo wa mwisho.

Ndugu msomaji, kama umempokea mtoto aliyekimbia vita, zima bafle za nyuma kabla hujaweka filamu.